Bunia hadi Mongbwalu: robo saa angani, kutwa nzima ardhini

Mtu akiiuliza simu yake umbali wa kutoka Bunia hadi Mongbwalu kwa ndege, jibu linamrudia kabla hajameza mate: kilomita 47 hivi. Akiuliza na muda, programu nyingi za aina hiyo hutumia kanuni moja ya mkato. Hupima mstari mnyoofu juu ya mviringo wa dunia, huugawa kwa kasi ya ndege kubwa ya abiria, kama kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa kanuni hiyo, safari ya Bunia na Mongbwalu ni dakika 34, na 30 kati ya hizo ni za kupaa na kutua tu.

Hesabu yenyewe haina kosa, ila inahusu ndege ambayo haiwezi kutua Mongbwalu na abiria ambaye hayupo. Mongbwalu ni mji wa wachimba dhahabu katika sekta ya Banyali-Kilo, wilaya ya Djugu, kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bunia ni makao makuu ya jimbo la Ituri, lililozaliwa mwaka 2015 pale jimbo kubwa la Orientale lilipogawanywa. Hospitali kubwa zipo Bunia, mahakama ipo Bunia, benki zipo Bunia, na uwanja wa ndege wa lami upo Bunia. Mongbwalu kuna dahabu, kama wenyewe wanavyotamka, na watu waliokuja kuifuata kutoka pande zote za Kongo.

Kati ya miji hii miwili kuna barabara, na barabara hiyo haijui mstari mnyoofu. Msafiri hutoka Bunia kwa barabara ya taifa nambari 27, ileile iendayo Mahagi na mpaka wa Uganda. Akifika Iga-Barrière anaiacha na kukata kushoto kuelekea Nizi, halafu anaingia vilima vya Kilo. Safari nzima huhesabiwa kuwa kilomita 80 hivi. Maana yake, kwa kila kilomita 10 anazoruka ndege, gari linakwenda 17. Hizo saba za ziada zimeliwa na makorongo, migongo ya vilima na kona ambazo wahandisi wa enzi za Ubelgiji walizifuata ili kupita karibu na machimbo, siyo ili kumfikisha abiria haraka.

Kilomita 80 si nyingi. Kwenye lami nzuri, dereva asiye na papara huzimaliza kwa saa moja na dakika chache. Lakini barabara ya Mongbwalu ni ya udongo mwekundu, na Ituri hupata mvua sehemu kubwa ya mwaka. Kiangazi chenyewe ni kifupi, kuanzia Desemba hadi Februari. Gari likienda kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hizo 80 zinakuwa saa nne. Likienda kwa 10, ni saa nane, na bado halijakwama. Likikwama, hesabu inaachiwa mashimo. Fuso moja likizama hadi ekseli katikati ya njia, yaliyo nyuma yote hupanga foleni. Vijana wa kijiji cha jirani hutokea na makoleo na mbao, bei hupatanwa papo hapo, na giza linaweza kuingia magurudumu yakiwa bado yanazunguka mahali pamoja. Ndiyo maana wenye haraka hupanda moto, pikipiki yaani, ambayo hupenya ukingoni ambako gari haliwezi.

Wasomaji wa pwani wanaweza kuipima safari hii kwa njia wanayoijua. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita 73 hivi kwa mstari wa ndege, na katikati kuna bahari. Hata hivyo ndege ndogo huruka siku nzima na kumaliza safari kwa dakika 20, na anayeogopa mawingu hupanda boti ya mwendo kasi na kufika kwa muda wa saa mbili hivi. Bahari yenye upepo na mawimbi hupitwa kila siku kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Bunia na Mongbwalu, zenye nchi kavu katikati na umbali wa theluthi mbili tu ya huo, hazina ratiba ya aina hiyo.

Kuna sehemu za dunia ambazo zimekata tamaa na barabara kabisa na kuamua kuishi kwa ndege. Katika jimbo la Nunavut, kaskazini mwa Kanada, kuna jumuiya 25 na hakuna barabara inayoiunganisha yoyote na nyingine. Igloolik na Sanirajak, vijiji viwili vya Wainuiti, vimetengana kilomita kama 70, na ndege ndiyo daladala yao. Huko Scotland, kwenye visiwa vya Orkney, kuna safari inayotajwa kuwa fupi kuliko zote duniani zenye ratiba: Westray hadi Papa Westray, kilomita 2.7, dakika mbili kwenye karatasi, na upepo ukisaidia haimalizi dakika moja. Imekuwa ikifanyika tangu mwaka 1967. Ndege hiyo haibebi matajiri. Hubeba walimu, wagonjwa na wanafunzi, na serikali huchangia gharama kwa sababu imekubali kwamba mtu wa kisiwani naye ni raia.

Mongbwalu haikupata barabara ya maana wala ndege ya ratiba. Si kwa sababu hapakuwa na fedha, kwani fedha ndiyo iliyoujenga mji huo. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waligundua dhahabu kwenye mto mdogo katika eneo la Kilo. Miaka miwili baadaye uchimbaji ulikuwa umeanza, Kongo ikiwa bado mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Machimbo ya Moto, upande wa Watsa kaskazini zaidi, yalifuata, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto. Hapo mwanzo kila kitu kiliingia kwa mabega ya watu: chumvi, vyuma, mashine zilizovunjwavunjwa vipande, na mabwana wenyewe. Barabara zilipokuja, zilijengwa kwa nguvu za vibarua walioletwa kwa lazima, na zilielekezwa kule ambako dhahabu ilitakiwa kwenda.

Na haikwenda Kinshasa. Kutoka Mongbwalu hadi Kinshasa ni kilomita 1,770 hivi kwa mstari wa ndege. Hadi Kampala ni kama 335. Jiografia ilishaamua kabla ya wanasiasa. Mizigo ya Ituri iliteremka hadi Kasenyi au Mahagi-Port kwenye Ziwa Albert, ikavuka kwa meli hadi Butiaba upande wa Uganda, kisha ikaendelea kuelekea reli na bandari ya Mombasa. Butiaba siku hizi ni kijiji cha wavuvi, kwani maji ya ziwa yalipanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuiharibu bandari. Wapenda fasihi wanaikumbuka kwa jambo jingine. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway alianguka na ndege ndogo karibu na maporomoko ya Murchison, akaokolewa, akapandishwa ndege nyingine hapo Butiaba, nayo ikawaka moto ilipokuwa ikijaribu kupaa. Magazeti ya dunia yalikuwa yameshaandika tanzia yake. Ng'ambo ya pili ya ziwa hilohilo, wachimbaji wa Kilo walikuwa wakitembea kwa miguu.

Vita vya Ituri vilionyesha thamani ya kilomita hizo 80 kwa namna ya kutisha. Novemba 2002 wapiganaji wa UPC, kundi la waasi la Thomas Lubanga, waliuteka mji wa Mongbwalu, na raia wengi waliuawa. Kuushika mji hakukutosha, kwa sababu mgodi usio na njia ni shimo tu. Kwa mujibu wa majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mashambulizi ya Februari 2003 kwenye vijiji vya eneo la Walendu-Djatsi, vikiwemo Lipri, Bambu na Kobu, yalilenga pia kuifungua barabara ya kati ya Bunia na Mongbwalu. Sehemu mojawapo ya kampeni hiyo iliitwa "shika na mukono". Huko Kobu watu waliokuwa wamekamatwa, wasiopungua 49, waliuawa katika shamba la migomba nyuma ya jengo moja. Bosco Ntaganda, kamanda wa UPC, alitiwa hatiani Julai 2019 kwa makosa ya Mongbwalu, Kobu na kwingineko, akahukumiwa kifungo cha miaka 30 mwezi Novemba mwaka huohuo. Lubanga alikuwa ameshahukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka 14, kwa kuwaingiza watoto vitani.

Kwa hiyo mtu anayesema barabara ya Mongbwalu ni mbaya kwa sababu ya mvua anasema nusu ya ukweli. Kuna watu waliokufa kwa sababu ya kuishi kando yake.

Njia ya angani nayo ilipata wenyewe. Mongbwalu ina kiwanja kidogo cha ndege, na baada ya UPC kufukuzwa mwaka 2003, kundi jingine la waasi, FNI, lilishika mji pamoja na kiwanja. Katika ripoti yake ya Juni 2005, shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi kampuni ya AngloGold Ashanti, iliyokuwa ikifanya utafiti wa madini hapo, ilivyotoa fedha kwa kundi hilo. Kampuni ilikiri kwamba wafanyakazi wake walilipa dola 8,000 Januari 2005 baada ya kubanwa, na kwamba ilikuwa ikilipa ushuru wa senti sita za dola kwa kila kilo ya mzigo ulioshushwa uwanjani. Tani moja ya vifaa, dola 60. Waasi hao hawakuwa na rada wala mnara wa kuongozea ndege, ila walikuwa na mizani.

Mizani ni chombo cha kuheshimiwa kwenye safari za aina hii hata pasipo waasi. Ndege zinazofaa viwanja vya udongo ni kama Cessna Caravan, yenye injini moja na viti tisa hadi kumi na viwili. Abiria hupimwa mwenyewe, akiwa na begi lake mkononi, na uzito wake huandikwa kwenye karatasi ya rubani bila kumwonea mtu haya. Mama mnene na gunia la vitunguu wanasimama kwenye mizani ileile. Ituri ni nchi ya juu, Bunia ikiwa zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko huipunguzia ndege nguvu ya kupaa. Kilo 50 zilizozidi zinaweza kuwa ndizo za kubaki. Rubani akifika juu ya kiwanja cha kijijini hupita chini mara moja bila kutua, aone kama kuna mbuzi, watoto au dimbwi, kisha anazunguka na kushuka. Caravan ikienda kwa kilomita 300 kwa saa, hizo 47 huzimaliza kwa chini ya dakika 10. Ukijumlisha kupaa na kuzunguka inakuwa robo saa. Helikopta ya Mi-8, ya aina ambayo Umoja wa Mataifa umeitumia miaka mingi Kongo, huhitaji dakika 13 hivi za kuruka.

Robo saa hiyo ipo kweli. Swali ni ya nani.

Kwa muda mrefu jibu limekuwa: mashirika ya misaada, walinda amani, maofisa na kampuni za madini. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani husimamia ndege za UNHAS kwa wafanyakazi wa misaada. Ndege za kimisionari za MAF nazo zimefanya kazi Ituri miaka mingi; kituo chao cha Nyankunde kilipoteza kila kitu Septemba 2002, wakati hospitali ya hapo iliposhambuliwa na wagonjwa kuuawa vitandani. Muuza nguo wa Mongbwalu hamo katika orodha hizo za abiria. Tena kampuni za ndege za Kongo zote zimo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya zile zisizoruhusiwa kuruka Ulaya, tangu mwaka 2006. Mzungu wa shirika la msaada huwa amekatazwa na ofisi yake kupanda ndege ambayo Mkongomani mwenye nauli huipanda akimwomba Mungu.

Mwaka 2007 usafiri wa dhahabu uliwachafua hata walinda amani. Mwezi Mei BBC ilitangaza madai kwamba wanajeshi wa Pakistani waliokuwa Mongbwalu chini ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, walishirikiana na wafanyabiashara waliotoka Kenya katika biashara ya dhahabu. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa haukuthibitisha madai ya kuwapa waasi silaha, lakini ulimwona ofisa mmoja kuwa aliwasaidia wafanyabiashara hao kwa malazi, usafiri na ulinzi. Mtu asiye na kitambulisho cha Umoja wa Mataifa ni shida kumpakia. Dhahabu haina shida hiyo.

Hapo ndipo umbali wa Mongbwalu unapobadilika kulingana na kinachosafiri. Kilo moja ya dhahabu ina ujazo wa mililita 52, haifiki viberiti viwili. Huingia mfukoni, ndani ya redio, chini ya tangi la moto. Haihitaji barabara nzuri, wala haihitaji kupita Bunia. Wanunuzi wa Ariwara, mji wa soko karibu na mpaka wa Uganda, wamekuwa wakiipokea tangu enzi za vita. Machi 2007 Baraza la Usalama liliziwekea vikwazo kampuni mbili za Kampala, Uganda Commercial Impex na Machanga, kwa kununua dhahabu iliyohusishwa na makundi yenye silaha ya mashariki mwa Kongo. Machi 2022 Marekani ikakiwekea vikwazo kiwanda cha kusafisha dhahabu cha African Gold Refinery kilichopo Entebbe. Kutoka Entebbe hadi Dubai ni kilomita 3,700 hivi, saa tano za ndege. Dhahabu iliyochimbwa Jumatatu inaweza kuwa Ghuba kabla mgonjwa aliyetoka Mongbwalu siku hiyohiyo hajapata kitanda Bunia, ikiwa mvua imenyesha Nizi.

Huyo mgonjwa anastahili kutazamwa kwa karibu. Wengi husafiri kwa moto. Dereva mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma akimshikilia kiunoni asianguke. Chupa ya maji ya mshipa, ikiwapo, imefungwa kwenye kijiti na ndugu ndiye mshika kijiti. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hukaa hivyohivyo, na kwenye miteremko yenye mawe hushushwa akatembea, kwa kuwa mtikisiko ni mbaya kuliko mwendo. Hakuna programu ya simu inayohesabu muda wa safari hiyo, na wakunga wa huko hawangeiamini hata ingekuwapo.

Umbali wa namna hii huchelewesha pia habari. Durba, mji wa dhahabu wa upande wa Moto katika jimbo la Haut-Uélé, uko kilomita kama 140 kaskazini mwa Mongbwalu kwa mstari wa ndege. Mwishoni mwa mwaka 1998 wachimbaji wa mgodi wa Gorumbwa walianza kufa kwa homa ya kutoka damu. Vita vilikuwa vimepamba moto, na ulimwengu wa nje haukuamka hadi Aprili na Mei 1999, baada ya daktari mkuu wa eneo hilo mwenyewe kuugua na kufariki. Ilikuwa homa ya Marburg. Hadi ilipokwisha mwaka 2000, mgodi ulipojaa maji, walihesabiwa wagonjwa 154 na vifo 128. Virusi hivyo vilichukuliwa mgodini kwenye popo. Miezi iliyopotea ilichukuliwa na barabara na bunduki.

Na Durba hiyohiyo inaonyesha kwamba umbali si amri ya Mungu. Mgodi mkubwa wa Kibali ulipoanza kuzalisha mwaka 2013, ukimilikiwa na kampuni kubwa za kigeni pamoja na kampuni ya serikali ya SOKIMO yenye asilimia 10, barabara ya kutoka mpaka wa Arua ilitengenezwa, malori mazito yakawa yanapita masika na kiangazi, na kiwanja cha ndege cha Doko kikapata kazi. Kilo na Moto ni pacha, walilelewa na kampuni moja na waliitwa jina moja. Mmoja amepata barabara kwa sababu mwekezaji alihitaji kupitisha mitambo yake. Kwa mwingine, mradi wa AngloGold Ashanti ulisimama mwaka 2013, mgodi ukabadili mikono, na kazi ikabaki kwa wachimbaji wadogo wenye makarai. Mchimbaji mdogo hapitishi mitambo, basi hakuna aliyeona haja ya kumchongea njia.

Tangu mwisho wa 2017, Djugu imerudi kwenye machafuko. Wanamgambo wa CODECO na makundi yanayopingana nao wamechoma vijiji, wamewafukuza watu kwa maelfu, na wameweka bariere, yaani vizuizi, njiani. Serikali ilitangaza hali ya dharura ya kijeshi Ituri na Kivu Kaskazini kuanzia tarehe 6 Mei 2021, na wanajeshi wakashika nafasi za magavana. Barabara nambari 27 imefungwa na kufunguliwa mara nyingi, wakati mwingine magari yakisindikizwa na jeshi au walinda amani. Kwenye bariere abiria hulipa, na wasafiri hulalamika kwamba si zote ni za wanamgambo. Nyingine zina watu wenye sare. Kila kituo ni dakika na ni fedha. Mwenye kilo 30 za samaki wakavu hulipa, mwenye dhahabu mfukoni hupita akisalimia. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege wa huko kufungwa, mashariki yote ya Kongo ilipoteza mlango wake mkuu wa angani, na viwanja kama cha Bunia vikawa na uzito zaidi.

Uwanja wa Bunia umewahi kubeba mzigo mkubwa kwa muda mfupi. Juni 2003, kwa azimio namba 1484 la Baraza la Usalama, kikosi cha Ulaya kikiongozwa na Ufaransa kilitua hapo katika operesheni iliyoitwa Artemis. Ndege za kijeshi zilipishana kati ya Entebbe na Bunia, kilomita 300 hivi, na njia ya kurukia ilibidi ikarabatiwe wakati huohuo ikitumika. Kikosi kilikabidhi kazi kwa MONUC Septemba mosi. Dunia ilipotaka kufika Ituri, ilifika ndani ya siku chache. Lakini mamlaka ya kikosi hicho yalikuwa juu ya mji wa Bunia. Mongbwalu, robo saa kutoka hapo, haikuwamo.

Mjadala wa usafiri wa jimbo hili umezoea kuelea kwenye ndoto za viwanja vipya na lami ya kufika Kisangani. Jambo la karibu zaidi ni dogo na halina fahari: kuchonga upya na kumwaga changarawe kuanzia Iga-Barrière hadi Mongbwalu, kutengeneza mifereji ya maji kabla ya masika, kuziondoa bariere zote zisizo na risiti, na kukiacha kiwanja cha Mongbwalu wazi kwa ndege ya wagonjwa hata mara moja kwa wiki. Dhahabu inayotoka kwenye vilima hivyo ingelipia kazi yote hiyo, kama sehemu yake ndogo tu ingepita kwenye vitabu vya jimbo badala ya mifukoni.

Kwa sasa, msomaji mwenye safari ya kwenda huko aiache simu mfukoni na aende kwenye maegesho ya moto ya Bunia alfajiri. Aulize waliorudi jana, siyo wanaokwenda leo. Aulize mambo matatu: kama mvua imenyesha usiku upande wa Nizi, kama kuna Fuso lililolala njiani, na bariere ziko ngapi. Abebe noti ndogondogo, maana chenji haipatikani. Na kama saa nane mchana itamkuta bado yuko Iga-Barrière, alale hapohapo.